Fainali Yangu na Shemeji

Jumapili, 17 Agosti

Tumefika mashindano ya dunia. Ghorofa ya sita, vitanda viwili, kabati moja lenye mlango mbovu, dirisha linaloangalia maegesho ya mabasi. Wametuweka chumba kimoja, mimi na shemeji. Meneja wa timu anasema amepanga makusudi, familia isitenganishwe. Akacheka peke yake. Hajui kwamba tangu mwezi wa nne mimi na shemeji tunasalimiana kama watu waliokanyagana kwenye foleni.

Huyu ni mdogo wa mke wangu. Alikuja kukaa kwetu na miaka kumi na minne, begi moja na kikohozi. Mimi ndiye niliyemtoa asubuhi ya kwanza kwenda kukimbia. Alitapika kwenye kona ya pili. Kesho yake alinigongea mlango mwenyewe, kashavaa. Sasa ana ishirini na mbili, na mwaka mzima huu namjua kwa mgongo tu! Amehamia kwa kocha mwingine, sawa. Lakini ile ya redioni — kwamba wazee watupishe, mita mia nane si mahali pa kupumzikia — ile iliniingia. Mimi ndiye mzee mwenyewe. Thelathini na tatu. Timu nzima inaniita Babu.

Mama Pacha, mke wangu, alituambia uwanja wa ndege, amesimama katikati yetu kashika mkono wa kila mmoja: mmoja akirudi na medali na mwingine na kinyongo, wote mtalala nje.

Shemeji amepangua mizigo. Jozi nne za viatu, mafuta ya nywele aina tatu. Nikamuuliza, na nywele nazo zinakimbia? Kacheka. Kidogo tu. Kisha kajikumbusha kwamba amenuna.

Jumanne, 19 Agosti

Mchujo. Nimepita! Wa pili kwenye kundi langu na sikufikia kukohoa. Wanaochukuliwa ni watatu, mimi nikatulia ndani, nikatoka kona ya mwisho, basi. Miguu mepesi. Sijui imetoka wapi. Mwaka mzima imekuwa kama ya kuazima, leo imekuja ya kwangu.

Shemeji alishinda kundi lake huku anajitazama kwenye skrini kubwa. Haki ya nani! Anakimbia, anajitazama. Alivyo rahisi mbele ya macho — mtu anaweza kudhani hakuna kazi pale. Nilisikia fahari, nikasikia na wivu, vyote kwa pamoja, kama mtu aliyekunywa chai na soda.

Kocha wangu — mama mnene, sauti ya gari la taka — kanipiga kofi la paja: Babu, miguu unayo, Alhamisi uje na kichwa nacho.

Simu nyumbani. Pacha wamegawana. Mkubwa (amemtangulia mwenzie kwa dakika chache na hatutapumzika kulisikia) yuko upande wa baba. Mdogo yuko upande wa mjomba, kwa sababu mjomba ana viatu vya rangi ya waridi. Mama Pacha yeye hayuko upande wowote. Anasema ni muuguzi, kazi yake kupokea majeruhi wa pande zote.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeanguka.

Naandikia kitandani kwenye chumba cha tiba, barafu kwenye goti, ugoko umechanwa na misumari ya kiatu cha mtu. Kiatu cha waridi.

Nusu fainali. Tukapangwa kundi moja, mimi na yeye. Wawili wa kwanza wanaingia moja kwa moja. Mzunguko wa kwanza polepole, wote tumerundikana, viwiko tu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Mimi nje kidogo, wa tatu, nimekaa vizuri — vizuri mno! — shemeji yuko ndani kabisa kwenye ukingo, amefungiwa. Mbele kuna watu wawili, pembeni yake niko mimi. Hana pa kutokea. Nilijua hana pa kutokea. Sikumfungia kwa ubaya, ndivyo mbio zilivyo.

Tukiwa upande wa mbali, kabla ya kona ya mwisho, nikasikia mkono kifuani. Si kiwiko. Mkono. Kisha mguu wangu ukapigwa na sikuwa tena na mguu.

Ajabu, mtu ukianguka uwanjani husikii watu wanavyopiga kelele. Unasikia viatu vinavyoondoka.

Nikanyanyuka. Sijui kwa nini. Nikakimbia hadi mwisho, peke yangu, damu ndani ya soksi, watu wanapiga makofi yale ya huruma — nayachukia makofi yale! Shemeji alikuwa ameshashinda. Alikuwa ameinama, mikono magotini. Hakugeuka.

Baadaye, siku hiyo hiyo:

Kocha na Meneja walikorofishana koridoni, mlango wazi. Meneja: tukate rufaa dhidi ya nani, dhidi yetu wenyewe? Waamuzi wakiitazama ile video wanamtoa kijana, na Babu goti limevimba, tunarudi nyumbani na fulana za zawadi! Kocha: na tusipokata, tunamzika mtu anapumua. Kisha wote wawili wakaingia na kunitazama. Kwamba mimi ndiye mwenye kuanguka, nami ndiye niseme. Na muda wa rufaa unakwisha.

Nikampigia Mama Pacha. Alikuwa wodini, nasikia magurudumu ya kitoroli. Nikasema, ni mdogo wako. Akasema, najua ni mdogo wangu, tumeona sote, hadi wagonjwa. Magurudumu yakasimama. Kisha:

"Umeanguka au umeangushwa?"

"Nimeangushwa."

"Basi sema hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze. Mama yangu niachie mimi."

Akakata. Hakuniaga. Namjua, alikuwa anakwenda kulia chumba cha dawa.

Nikasema nakata rufaa. Sahihi ikatoka kama ya mtoto.

Tukangoja. Kocha anatembea dirishani mlangoni, mlangoni dirishani. Mimi nawaza: wakimtoa? Kile kitoto kilichotapika kona ya pili. Nikiwa nimekitoa mimi, kwa kalamu?

Mlango ukafunguliwa — Meneja, jasho tele. NIMERUDISHWA! Ninaingia fainali kama mtu wa tisa. Na shemeji hawajamtoa! Wamesema ulikuwa msongamano, hakuna nia iliyoonekana. Kocha akamnyanyua Meneja juu, na Meneja si mtu mdogo. Dakika moja mbele yupo koridoni anamwambia mwandishi wa habari kwamba rufaa ilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Acha aseme! Acha aseme!

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya mapumziko. Chumba kimya kama kina mgonjwa.

Yeye: umenishtaki.
Mimi: nimesema nilichofanyiwa, basi.
Yeye: ungesubiri tuongee.
Mimi: ungekuja.

Akageukia ukutani. Sikusikia neno pole. Labda lilisemwa na ukuta ukalimeza.

Mama mkwe kapiga mchana. Shikamoo mama. Marahaba — ile marahaba ya baridi, ya kutoka kwenye friji. Mkwe wangu, mtoto niliyekukabidhi kwa mkono huu, leo unataka atolewe mbele ya dunia nzima? Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: goti umelikanda? Nikasema ndiyo mama. Na maji ya moto? Barafu, mama. Barafu ya nini sasa, unataka likauke? Likande na maji ya moto! Akanipa na mzee wake anisalimie.

Goti linakunja. Si lote. Kocha kanikimbiza mbio fupi nne kwenye uwanja wa kupashia moto, ananitazama mgongoni kama fundi anayesikiliza injini. Mwishoni kasema: linatosha.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo jioni.

Nimekula nusu ya sahani. Nimekwenda msalani mara sijui ngapi. Shemeji naye. Tunapishana mlangoni. Mara ya mwisho karibu tucheke.

Njia ya nane, tumewekwa wawili, mimi na mwingine, maana njia ni nane na sisi ni tisa. Kocha: wale vijana wawili, shemeji yako na yule bingwa tunayemwita Mrefu, watakimbia kama wameiba. Waache. Waache kabisa! Wewe kimbia zako.

Rahisi kusema.

Sasa basi limekuja.

Jumapili, 24 Agosti — asubuhi

Nimeshinda.

Naandika tena ili nilione: NIMESHINDA. Mimi. Babu. Bingwa wa dunia wa mita mia nane ana mvi mbili kidevuni na goti kama papai!

Polepole, niandike kwa mpangilio, maana najijua, nitasahau.

Chumba cha kusubiri. Viti tisa, hakuna anayemtazama mwenzake. Mrefu — bingwa wa mara iliyopita, miguu inaanzia kifuani — anafunga kamba, anafungua, anafunga. Nikasema moyoni, kumbe hata yeye. Shemeji kakaa mkabala nami, anatazama viatu vyake. Kavaa vya bluu. Vile vya waridi kaviacha. Niliona hilo. Sikujua nilifanyie nini.

Tukatoka. Ule uwanja! Huwezi kuueleza. Sauti inakuja kutoka chini, inapanda kwenye nyayo.

Bunduki. Kona ya kwanza kila mtu na njia yake, mimi huko nje sioni mtu, nasikia tu. Tulipokata kuingia ndani — nikatazama nyuma, hakuna mtu. Nikatazama mbele: wote. Wote! Nilikuwa wa mwisho. Mrefu na shemeji wanakwenda bega kwa bega kama wanafukuzwa na mbwa, na wengine sita nyuma yao wameingia kichaa hicho hicho. Kila kitu mwilini kinaniambia wafuate. Nikasikia sauti ya gari la taka kutoka jukwaani, juu ya maelfu yale: WAACHEEE!

Nikawaacha.

Kengele. Wa tisa kati ya tisa. Mtangazaji akataja majina yote isipokuwa langu, labda alidhani nimeshakwenda kuoga. Nami hapo ndipo nikajisikia — jamani, sijachoka. Nimechoka, lakini bado ninacho. Nikaanza kuwaokota. Mmoja. Wa pili. Walikuwa wanarudi wenyewe, mabega juu, shingo zimekaza. Upande wa mbali, pale pale nilipoanguka Alhamisi, mwili ulitaka kujikunyata. Nikaukatalia. Nikatoka nje zaidi, mahali ambapo hakuna wa kunigusa, nikampita wa tatu, na wa nne. Kona ya mwisho niko wa tano, nimezunguka nje kama lori. Goti likalia. Nikaliambia baadaye.

Wengine wawili wakafa kabla kona haijaisha. Wa tatu!

Mstari wa mwisho. Watu wanadhani pale tunaongeza mwendo. Hakuna anayeongeza. Kuna anayekufa polepole kuliko mwenzake, basi. Mbele yangu ni wawili tu. Mrefu katangulia kidogo, shemeji ubavuni kwake. Nikamfikia shemeji. Pumzi yake naijua, mbili fupi na moja ndefu, nilimfundisha mimi. Sasa ilikuwa zote fupi. Aligeuza kichwa. Kosa — hupaswi kugeuza kichwa. Aliniona. Yale macho sitayasahau, hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa ya mtu aliyefunguliwa mlango na mtu ambaye hakumtarajia. Nikapita.

Kisha Mrefu. Kisha kifua. Kisha nikaanguka tena, safari hii mwenyewe, kwa raha zangu!

Ubao wa matokeo ukachelewa. Mrefu kasimama, mimi nimelala, sote tunatazama juu. Kisha jina langu. Juu kabisa. Mrefu chini yangu, na chini ya Mrefu, shemeji. Medali ya shaba!

Nililia. Sina la kuficha, nililia kwa kelele, makamasi na kila kitu, na kamera iko hapa usoni.

Kocha akatupa bendera kutoka jukwaani. Moja tu. Nikashika pembe moja. Shemeji akaja, akasimama, akatazama ile pembe nyingine kama inauma. Akaishika. Tukazunguka uwanja mzima hivyo, mzunguko wote, bendera imevutika katikati yetu. Watu wanashangilia, wengine wanafuta machozi. Asubuhi hii iko kila mahali: "Mtu na Shemeji Yake, Upendo Uwanjani." Upendo! Ungeipiga ile bendera kidole ingelia kama ngoma.

Kisha kupimwa mkojo. Hapa utukufu unakwisha. Bingwa wa dunia ameketi na chupa ya nne ya maji na hakuna kitu. Shemeji kiti cha pili, naye hakuna kitu. Mrefu alimaliza mara moja akatuaga kwa heshima.

Simu! Mama Pacha hakuweza kusema, alikuwa anapiga vigelegele wodini na sheria inakataza, matroni, mkuu wao, akaja kumkataza, matroni naye akapiga vigelegele. Mama mkwe hakutazama. Alikaa jikoni kaipa televisheni mgongo, akawa anauliza: wote wamesimama? Hakuna aliyeanguka? Hadi mwisho ndiyo hiyo tu aliyouliza. Aliposikia wote wawili wana medali akaanza kupiga sufuria kwa mwiko, na mwiko umevunjika. Pacha mkubwa yuko juu ya meza. Pacha mdogo amenikasirikia. Hataki kuongea na mimi. Kasema baba kampita mjomba bila kuomba.

Nimecheka hadi goti limeuma.

Mama Pacha mwishoni akaniuliza polepole: mmeongea? Nikasema tumezunguka na bendera. Akasema sikuuliza bendera.

Jumapili, 24 Agosti — jioni

Wanatupa medali leo. Tuko chumba kidogo nyuma ya uwanja, viti vitatu, kioo, pasi ya nguo ambayo mtu ameisahau ikiwa moto. Tumechelewa, kuna mbio za vijiti zinaendelea, basi naandika. Mrefu kaweka muziki masikioni, kafumba macho. Mama wa itifaki kashatueleza mara mbili: wa tatu anaitwa kwanza, kisha wa pili, kisha bingwa. Wimbo wa taifa. Baada ya wimbo, bingwa awaite wenzake wapande kwenye ngazi yake, wapigwe picha pamoja.

Shemeji alikuwa anachezea zipu. Juu, chini. Kisha bila kuniangalia akasema:

"Nilikuona."

Nikamuuliza lini, ingawa nilijua.

"Alhamisi. Nilikuona uko pale. Nilijua ni wewe, nikasukuma." Zipu juu. "Nilidhani utasogea, shemeji. Siku zote huwa unasogea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi — kwamba alikuwa hajaniona, kwamba alidhani ni yule mwingine, hata kwamba nilistahili. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Na mbaya zaidi ni kweli. Ni kweli kabisa! Kitanda cha dirishani nilimwachia. Kocha aliyekuwa wangu, mwaka ule yeye alipomtaka, nilimwachia. Yale ya redioni, nikasema ni ujana tu. Nilidhani kusogea ndiko kulea.

Na jana sikusogea. Na nimeshinda. Ni furaha hii hii, bado iko kifuani inachemka, hata sasa, nikimtazama amejikunyata hivi nataka kumkumbatia na nataka kumpiga kibao.

Nikasema, dada yako anajua? Akaitikia kwa kichwa: nilimwambia leo asubuhi. Kasema nikwambie mwenyewe kabla ya medali, si baada.

Mbio za vijiti zimekwisha. Mama wa itifaki kafungua mlango, sauti imeingia yote. Shemeji anasimama. Anajaribu kunyoosha kola, inarudi kukunjika. Nimemnyooshea. Wamemwita. Ametoka — na ule uwanja ulivyompokea! Mtoto wetu yule!

Mrefu naye kaitwa.

Nimebaki na pasi na kioo. Ile ngazi ya juu nimeiona tulipopita, ni ubao mwembamba, hautoshi watu watatu. Nikiwaita wapande itabidi mtu asogee. Mama wa itifaki ananiambia niweke kalamu. Nimemwambia sekunde moja. Nisogee tena kama siku zote, au —

Wanataja jina l